Macho ya Mwindaji Yanapozeeka

Iko hali moja ya mwili ambayo haimwachi mtu ye yote aliyeishi miaka ya kutosha. Haiumi. Haileti homa. Haitoi usaha wala machozi. Inamfikia tajiri na maskini, msomi na asiyejua kusoma, karibu na mwaka wake wa 40 au 45, nayo inaanza polepole hata mwenyewe asitambue. Mwalimu anasogeza kitabu mbali na uso wake. Fundi wa nguo anamwita mtoto amtungie uzi katika sindano. Na mwindaji, akiinua bunduki aliyoizoea tangu ujana, anaona kile kijiti cha chuma kilicho karibu na mdomo wa mtutu kimekuwa kama kitu kilichofunikwa na moshi.

Huyu wa tatu ndiye tutakayesema habari zake. Mwalimu akikosea kusoma atarudia mstari. Fundi akikosa tundu la sindano atajaribu tena. Lakini risasi ikiisha kutoka hairudi, na kama jicho lilidanganya, basi yuko mnyama anayekimbia na mguu uliovunjika, au limetokea jambo baya kuliko hilo.

Watu wengi wakiona hali hii hushtuka. Mmoja hufikiri ni moshi wa jikoni, mwingine hufikiri ni kusoma usiku, mwingine humshuku jirani. Sivyo. Nyuma ya mboni, yaani lile tundu jeusi la jicho, iko lenzi, kitu kama kioo kidogo. Kazi yake ni kukusanya nuru ili picha ya vitu ianguke vizuri juu ya utando ulio nyuma ya jicho. Kwa mtoto lenzi hii ni laini, nayo imezungukwa na msuli kama pete. Mtoto akitazama mlima wa mbali, msuli unapumzika na lenzi inakaa bapa. Akitazama mdudu aliye juu ya kidole chake, msuli unakaza na lenzi inanenepa mara moja. Mtoto mwenyewe hajui ya kuwa jicho limefanya kazi yo yote.

Lakini lenzi haiachi kukua. Miaka yote ya maisha inaongezwa tabaka, nayo inazidi kuwa ngumu. Msuli unaamuru, lenzi haitii. Mganga Donders wa Utrecht, katika nchi ya Uholanzi, alitoa kitabu juu ya mambo haya mwaka 1864, na vipimo vyake vinasaidia hata leo kueleza habari hii. Mtoto wa miaka 10 aweza kuona wazi kitu kilicho sentimeta 7 tu toka jichoni. Mtu wa miaka 40 aona wazi kuanzia sentimeta 22 hivi. Wa miaka 50, sentimeta 40. Wa miaka 60, meta 1 nzima. Na hapo ni kwa kukaza msuli kwa nguvu zote. Ni kama mtu anyanyuaye gunia: aweza kuliinua mara moja, lakini hawezi kusimama nalo mchana kutwa. Akitaka kutazama bila kuchoka, lazima kitu kiwe mbali zaidi ya hapo.

Isaka, yule aliyemtuma mwanawe kuwinda kisha asiweze kumtambua aliyemletea chakula, alikuwa amepatwa na jambo kubwa kuliko hili. Uzee wa lenzi tunaousema hapa haumzuii mtu kuona mbali. Mzee aweza kuhesabu mbuzi ng'ambo ya bonde, na papo hapo asiweze kusoma jina lake mwenyewe kwenye karatasi. Hapo ndipo mwindaji anapodanganyika. Anasema, "Macho yangu ni mazima, nimemwona mnyama kabla ya vijana." Asema kweli. Walakini kumwona mnyama ni nusu tu ya kazi.

Tazama sasa bunduki inadai nini kwa jicho. Juu ya mtutu kuna vilengeo viwili vya chuma. Cha nyuma ni kipande chenye mwanya, nacho kiko kama sentimeta 40 toka jichoni. Cha mbele ni kijiti au nundu karibu na mdomo wa mtutu, nacho kiko kama sentimeta 90. Mwindaji aweke kile kijiti katikati ya mwanya, tena akiweke juu ya mnyama, ambaye labda yuko meta 80. Basi vitu ni vitatu, na umbali wao ni tatu. Hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuviona vyote vitatu wazi kwa wakati mmoja, hata la kijana. Ila jicho la kijana linakimbia upesi kutoka kimoja hata kingine, kama mama mwenye masufuria matatu motoni, na mwenyewe anadhani ameviona vyote pamoja. Wafundishaji wa kulenga husema: ukifyatua, kijiti cha mbele kiwe wazi, na mnyama awe na ukungu kidogo. Mzee hawezi tena kutii neno hilo. Kwake mnyama ni wazi, na kijiti ndicho chenye ukungu.

Mtu aweza kuuliza, ukungu kidogo una hatari gani? Tufanye hesabu. Kama vilengeo viwili vimeachana kwa sentimeta 50, na kijiti cha mbele kimekosea kwa milimeta 1 tu, basi kwa meta 80 risasi itakosea kwa sentimeta 16. Milimeta 1 ni unene wa ukucha. Kijiti chenyewe kikiwa na ukungu, macho hayajui ukingo wake uko wapi, na milimeta 1 inapotea bila mtu kuiona. Sentimeta 16 ni kutoka mapafu hata tumbo. Mnyama aliyepigwa mapafu huanguka karibu. Aliyepigwa tumbo huenda mbali na kufa polepole, pengine siku ya pili, mahali asipoonekana na mtu.

Tena shida hii inazidi asubuhi na jioni, saa zile ambazo wanyama hutembea. Nuru ikipungua, mboni hufunguka, na mboni ikifunguka ukungu huongezeka. Kisha mzee ana hasara nyingine: lenzi yake imekuwa ya njano kidogo, na mboni yake haifunguki sana kama ya kijana, hata nuru inayofika ndani ni haba.

Nchi moja ambayo watu wake wamelifikiri sana jambo hili ni Uswidi, huko kaskazini ya Ulaya. Wasomaji wetu wa Kivu wanawajua Waswidi kwa habari ya misioni na hospitali. Labda hawajui ya kuwa ni taifa la wawindaji. Katika misitu yao ya misonobari yuko mnyama aitwaye elgi. Ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, lakini ni mkubwa ajabu: dume lililokomaa lina kilo 400 au zaidi, mabega yake hufikia karibu meta 2, na pembe zake ni pana kama viganja vya mikono. Majira yanapogeuka, Septemba kwa upande wa kaskazini na Oktoba kwa upande wa kusini, watu wa kijiji hutoka kuwinda kwa kikundi. Kila mtu anapewa mahali pake pa kusimama. Mbwa wanamtafuta elgi na kumsukuma. Nyama inagawanywa, na nyumba nyingi hula nyama hiyo mpaka mwaka wa pili. Wengi wa wawindaji hao wamepita miaka 50.

Waswidi hawachezi na mnyama aliyejeruhiwa. Sheria yao inataka mbwa aliyefundishwa kufuata damu aweze kufika mahali pale katika muda wa saa 2. Na tangu mwaka 1985, mtu mpya anayetaka bunduki ya kuwindia lazima apite mtihani, na sehemu yake moja ni kupiga sanamu ya elgi. Ni mpango mwema. Lakini mtihani aliopita mtu akiwa na miaka 20 hausemi neno lo lote juu ya macho yake ya miaka 60.

Wanaye pia mzee mmoja mwenye sifa, Oscar Swahn, aliyezaliwa mwaka 1847. Katika michezo ya Olimpiki ya London, mwaka 1908, akiwa na miaka 60, alipata medali ya dhahabu kwa kupiga sanamu ya kulungu anayekimbia. Mwaka 1912, huko Stockholm, akiwa na miaka 64, alipata dhahabu tena pamoja na wenzake. Mwaka 1920, huko Antwerp, akiwa na miaka 72, alipata fedha pamoja na wenzake, na mpaka leo hakuna mwanamichezo mwenye umri kuliko yeye aliyepata medali ya Olimpiki. Siku zile vilengeo vya umeme vilikuwa havijatengenezwa. Mzee asiyependa mambo mapya aweza kushika habari za Swahn kama ngao. Mimi sikubali. Mtu mmoja wa ajabu si kipimo cha watu elfu, na Swahn alipiga sanamu, siyo mnyama mwenye damu. Sanamu ikipigwa tumboni haiteseki.

Basi, mwindaji afanye nini? Njia ya kwanza wanayoifikiri wote ni miwani ya kusomea. Haifai. Miwani hiyo inaleta wazi kitu cha sentimeta 40 au 50, na mnyama wa meta 80 anapotea kabisa. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, nayo haisaidii, kwa sababu mtu akilaza shavu juu ya kitako cha bunduki hutazama kwa pembe ya juu ya kioo, karibu na pua, na huko ni sehemu ya mbali. Akitaka kutumia sehemu ya chini itampasa ainue kichwa kama kuku anayekunywa maji, na shavu limekwisha kuachana na kitako.

Iko miwani nyingine iliyo bora kwa kazi hii. Mpimaji huanza na kioo kinachomwonyesha mtu mbali vizuri, kisha huongeza nguvu ndogo tu, +0.50 au +0.75, kwa jicho la kulengea. Nguvu hiyo ndogo inakileta kijiti cha mbele karibu na kuonekana, bila kumpoteza mnyama sana. Mwindaji akienda kupimwa, asibebe bunduki mpaka mlangoni pa hospitali na kuwatisha wagonjwa. Achukue uzi, apime nyumbani kutoka jichoni hata kijiti cha mbele, afunge fundo, na alete uzi huo. Mpimaji atajua la kufanya.

Njia ya pili ni ya zamani, nayo ni nzuri: badala ya mwanya wa nyuma kuwekwa tundu dogo la mviringo, na mtu kutazama kwa kupitia tundu hilo. Ukitaka kujua kwa nini linafaa, toboa karatasi ngumu kwa sindano, uiweke mbele ya jicho moja, utazame maandishi yanayokushinda. Utashangaa. Herufi zinarudi. Tundu dogo linazuia nuru iendayo ovyo na kuacha ile inyokayo, na picha inakuwa safi hata kama lenzi ni ngumu. Jaribio hilo tunalitumia hospitalini kila siku kwa sababu nyingine: kama mtu haoni vizuri, lakini kwa tundu anaona, basi shida yake yaelekea kuwa ni ya miwani. Kama kwa tundu pia haoni, tunatafuta ugonjwa. Lakini tundu lina deni lake. Linakula nuru. Mchana wa jua ni rafiki, jioni ya msituni ni kama kufumba jicho.

Njia ya tatu ndiyo iliyobadili uwindaji wa wazee wengi. Ni kilengeo cha nukta nyekundu.

Mtu asifikiri ni mwali mwekundu unaotupwa juu ya mnyama. Mnyama haguswi na nuru yo yote. Nukta inaonekana na mwenye bunduki peke yake. Juu ya bunduki kinafungwa kikopo kifupi, au kioo kilichosimama katika fremu. Ndani yake mna kitaa kidogo sana cha umeme, na mbele ya kitaa kioo kilichopindwa kidogo na kupakwa utando maalum. Utando huo unarudisha nuru nyekundu kuelekea jichoni, bali nuru nyingine yote ya msitu unaiacha ipite. Kwa sababu ya jinsi kioo kilivyopindwa, miali nyekundu inafika jichoni ikiwa imenyoka sambamba, kama miali itokayo kwa kitu cha mbali sana. Hapo ndipo penye faida. Kitaa kiko karibu, lakini jicho linakiona kana kwamba kiko mbali kule kule aliko mnyama. Lenzi ya mzee haihitaji kunenepa. Inakaa bapa, jinsi inavyopenda. Vitu vitatu vimekuwa viwili, na hivyo viwili viko umbali mmoja.

Tena mwanya na kijiti lazima vipangwe sawasawa na jicho, bali nukta haidai hivyo. Jicho likiwa pembeni kidogo ya kioo, nukta bado iko karibu na mahali pake juu ya mnyama. Na mtu aweza kufungua macho yote mawili na kumtazama mnyama tu, siyo chuma.

Fikira yenyewe si mpya. Howard Grubb, fundi wa darubini za nyota huko Dublin, aliiandikisha mwaka 1900. Baadaye ndege za vita zilitumia vilengeo vya namna hiyo. Lakini kupata kitaa kidogo kinachotosha kukaa juu ya bunduki ya mwindaji, na kuwaka kwa betri, kulingoja miaka mingi. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kilengeo chake cha kwanza cha umeme kwa ajili ya wawindaji. Mwaka 1997 jeshi la Marekani lilichagua kimoja cha kampuni hiyo kwa askari wake, ambao wengi wao ni vijana wenye lenzi laini. Kumbe kifaa kinachomfaa mzee kinamfaa na kijana pia, kwa sababu ni chepesi kujifunza. Vya kwanza vilikula betri upesi. Siku hizi viko vinavyowaka saa 50,000 kwa betri moja, ndiyo miaka 5 na zaidi. Hata hivyo mwindaji mwenye akili hubadili betri kila mwaka kabla ya majira, na kubeba nyingine mfukoni. Chuma hakina betri ya kwisha, na katika hilo wazee wanaokitetea wana haki.

Mwingine atauliza, mbona mtu asitumie darubini inayokuza? Aweza. Kwa mnyama aliyesimama mbali, darubini ni bora. Lakini elgi anayesukumwa na mbwa hupita upesi kati ya miti, pengine meta 40 tu, na katika darubini yenye kukuza sana mtu huona kipande cha manyoya asijue ni bega au paja. Nukta haikuzi kitu, na kwa hiyo haipunguzi upana wa kuona.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauza bunduki hawana haraka ya kulisema. Nukta inatengeneza kulenga. Haitengenezi kuona. Nukta ni nuru nyekundu, kali, nayo huonekana hata kwa jicho bovu. Mzee mwenye mtoto wa jicho aliyeanza ataiona vizuri na kufurahi, na huku yule mnyama aliye nyuma ya nukta amekuwa kivuli tu. Zamani kijiti chenye ukungu kilimwonya, "Baba, macho." Sasa hakuna wa kumwonya. Ameweka nukta juu ya kivuli, na kivuli hicho chaweza kuwa elgi jike mwenye ndama, chaweza kuwa mbwa, chaweza kuwa mwenzake aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.

Ugonjwa ninaouogopa kuliko yote hapa ni glakoma, ambao wengine huuita presha ya macho. Hauumi katika namna yake ya kawaida. Unaiba kwanza pembe za kuona, na katikati panabaki pazuri mpaka mwisho. Mgonjwa aweza kuweka nukta barabara juu ya shabaha na kupiga vizuri, na huku hamwoni mtu anayeingia kwa upande wa kushoto. Kilichoibwa na glakoma hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Lakini kikigunduliwa mapema chaweza kuzuiwa kisiendelee. Kwa hiyo mtu aliyepita miaka 40 apimwe macho na mganga, siyo na muuza miwani peke yake, kabla hajatoa fedha zake kwa kilengeo. Na kama mzazi wake au ndugu yake alipofuka kwa glakoma, asingoje hata huo mwaka wa 40.

Wengine, wakinunua kilengeo na kukitazama mara ya kwanza, hurudi dukani kwa hasira. Wanasema nukta si mviringo. Ni kama mkia wa nyota, au kama zabibu zilizoshikamana. Mara nyingi kifaa hakina kosa. Sehemu ya mbele ya jicho, inayopasa kuwa na mviringo kama mpira, imepindwa kidogo kama yai, na hali hiyo huitwa astigmatizimu. Kabla ya kugombana na mwenye duka, mtu azungushe kile kilengeo mkononi huku kichwa chake kimetulia. Mkia ukizunguka pamoja na kifaa, kifaa ni kibovu. Mkia ukibaki umeelekea upande ule ule, kosa ni la jicho. Au atazame nukta kwa ile karatasi yenye tundu la sindano: ikiwa mviringo ghafula, jibu limepatikana. Dawa yake ni miwani ya mbali iliyopimwa vizuri, na hiyo avae kila anapowinda. Kupunguza mwanga wa nukta pia kunasaidia. Watu wengi huiwasha kama moto wa kambi. Yatosha ionekane tu.

Kuhusu ukubwa, nukta iliyoandikwa 2 hufunika sentimeta 6 hivi kwa meta 100, na iliyoandikwa 4 hufunika sentimeta 12 hivi. Kwa mnyama mkubwa wa karibu hakuna hatari katika hiyo ya 4, na jicho la mzee huiona upesi zaidi.

Kubadili desturi ya miaka 30 si kazi ya siku moja. Mtu aliyezoea chuma, akiinua bunduki yenye nukta, macho yake hukimbilia mdomo wa mtutu kutafuta kijiti, na nukta haipo. Anaanza kuitikisa bunduki huku na huku kama mtu atafutaye funguo gizani, na mnyama amekwisha kupita. Lazima afundishe shingo na shavu, siyo jicho. Achague mahali pa salama, ahakikishe mara mbili ya kuwa hamna risasi, na risasi zenyewe ziwe katika chumba kingine. Akazie macho kitu kidogo ukutani, kisha ainue bunduki mpaka shavuni bila kuondoa macho pale. Kama nukta haiko, kitako ni kirefu, au shavu liko chini mno na linahitaji kuinuliwa kwa kipande cha ngozi. Afanye hivi dakika 10 kila jioni. Wengi huchukua majuma kadhaa kabla nukta haijaja yenyewe.

Ndipo aende uwanja wa kupigia shabaha na risasi zake, maana kilengeo kikifungwa bila kusawazishwa na bunduki ni pambo tu. Aanze kwa meta 25 apate karatasi, kisha asawazishe kwa umbali anaowinda kweli. Apige risasi tatu, atazame zilipoanguka, ageuze skrubu, apige tatu tena. Zikikusanyika mahali palipokusudiwa, apige nyingine siku ya pili, bunduki ikiwa imekwisha kubebwa ndani ya gari katika barabara mbaya. Skrubu zilizolegea zimeharibu mawindo mengi kuliko macho yaliyolegea, na kuzikaza ni kazi ya dakika mbili.